Dar es Salaam au Kigali: meneja kutoka Nairobi aongoze wapi, na kwa namna gani

Mtu akipigiwa simu na makao makuu Nairobi akaambiwa kuna nafasi mbili za kuongoza tawi, moja Dar es Salaam na nyingine Kigali, maswali ya kwanza huwa ya mshahara, nyumba na shule ya watoto. Hayo yana uzito wake na kila kampuni ina majibu yake. Swali ambalo sijasikia mtu akiliuliza, nami naliona ndilo kubwa, ni hili: wafanyakazi wa huko wakiona umekosea, watakuambia vipi?

Nimeongoza watu katika miji yote miwili, miaka minne Dar na miwili Kigali, katika biashara ya kusambaza vifaa vya hospitali. Kote nilifika na mtindo wa Nairobi: agiza haraka, fuatilia haraka, anayepinga apinge pale pale mezani. Kote uliniangusha, na kila mji uliniangusha kwa njia yake. Ndiyo maana naandika, ili mwenye kuchagua apime hili pia kabla ya kusaini.

Wengi hujiandaa kwa kusoma takwimu za tamaduni za kazi. Zinazojulikana zaidi ni za Mholanzi Geert Hofstede, aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa IBM yaliyokusanywa kati ya 1967 na 1973. Kwenye jedwali lake Kenya na Tanzania zimetiwa kapu moja liitwalo Afrika Mashariki, pamoja na Ethiopia na Zambia, na kapu zima likapewa alama 64 katika kipimo cha umbali kati ya mkubwa na mdogo. Rwanda haimo kapuni. Anayeliamini jedwali hilo atapanda ndege ya mwendo wa saa moja na ushei kwenda Dar akidhani anahamia mtaa wa pili.

Dar: anza na mtu

Wiki yangu ya kwanza Dar nilishuka stoo nikamkuta mtunza stoo, mzee wa miaka hamsini na kitu, yuko na vijana wake watatu wanapakua maboksi ya glavu. Nikamwita kwa jina, nikasema, "Nataka hesabu ya stoo mezani kwangu kesho saa mbili." Kwa Nairobi hiyo ni sentensi ya kawaida, haina ukali. Mzee akajibu kwa upole, "Sawa bosi, tutajitahidi." Kesho yake saa mbili hakuna hesabu. Kesho kutwa hakuna. Siku ya tatu dada wa mapokezi aliniletea chai, akarudisha mlango, akasema: "Bosi, naomba nikuambie kitu, usinielewe vibaya. Mzee hajakataa kazi. Ila ulimwita kwa jina mbele ya vijana wake, halafu hukumsalimia."

Jioni ile nikashuka tena. "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akanivutia kiti cha plastiki. Tukazungumza mvua, tukazungumza foleni ya Mbagala, nikauliza habari za nyumbani na nikangoja jibu. Kisha nikasema, "Mzee, naomba unisaidie ile hesabu, makao makuu wananidai." Asubuhi ilikuwa mezani, imeandikwa kwa mkono kwenye kaunta buku, na ndani yake alikuwa ameonyesha upungufu wa maboksi 14 ambao kompyuta haikuuona. Angetaka kuninyamazia upungufu ule angeweza kabisa.

Neno "naomba" ndilo tofauti ya kwanza kati ya ofisi ya Nairobi na ya Dar, na mgeni hulichukulia kama pambo. Meneja wa Nairobi husema "nipe" au "nitumie ile ripoti", na hakuna anayeumia. Dar, "nipe" hutoka kwa mtu anayegombana. Kiswahili kinachotuunganisha ndicho kinachotudanganya hapa: mfanyakazi wa Dar anakuelewa kila neno, pamoja na yale ambayo hukukusudia kuyasema. Mjapani akikosea, watasema ni mgeni. Mkenya akikosea, watasema ana dharau.

Hili lina mizizi yake. Mwongozo wa 1971 wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara wakati huo, katika ibara ya 15, uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi wa viwandani wakaishika ibara hiyo kuwagomea mameneja waliowanyanyasa. Vijana wengi ninaowajua Dar hawajawahi kuusoma Mwongozo. Lakini wamelelewa na watu walioamini kwamba mkubwa anayewadharau walio chini yake hastahili ukubwa, na wazo hilo ungali unalikuta hadi kwa dereva na mlinzi wa getini.

Sasa, "hapana" ya Dar inasemwaje? Mara chache sana kwa neno lenyewe. "Tutaangalia" mara nyingi ni hapana. "Ngoja nifuatilie" inategemea kama ameinuka alipoisema. "Tutajitahidi" ni ndiyo ikiwa inafuatwa na swali ("tutajitahidi, ila gari litapatikana?"), na ni hapana ikiwa imesimama peke yake, kama alivyoisema mzee wangu wa stoo. Hapana nyingine huja kwa utani, na hiyo ndiyo yenye faida kubwa kwa kiongozi. Mtu wa mauzo aliwahi kuniambia mbele ya wote, "Bosi, hili lengo la Mtwara umelipanga ukiwa umefunga?" Chumba kizima kikacheka, nami nikacheka, na jioni nikalipunguza lengo la Mtwara kwa sababu lilikuwa halitekelezeki. Angelisema bila utani, yeye na mimi tungebaki na kidonda.

Na hapana nzito zaidi huja na mjumbe: dada wa mapokezi, dereva wako, mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo anayeongoza Dar lazima atenge muda wa kupatikana bila ajenda. Kwangu ulikuwa ni chai ya saa nne. Nilikunywa kantini pamoja nao, chapati na maharage, na naweza kusema robo tatu ya habari mbaya za tawi lile nilizisikia pale kabla hazijafika kwenye ripoti yoyote.

Kigali: anza na kilichoandikwa

Kigali nilikwenda na mafunzo yangu ya Dar mfukoni, nikiwa na hakika kwamba sasa najua kuongoza ugenini. Nikawa napita meza kwa meza asubuhi, naulizia watoto, naleta utani. Walinijibu kwa adabu, "Mwaramutse," na tabasamu fupi. Utani wangu haukumpata mtu. Baada ya mwezi nilianza kuona kwamba nikikaribia meza mazungumzo yanapungua, na kwamba watu wale walihitaji nafasi niliyokuwa naijaza kwa maneno.

Kisha kikaja kikao cha usambazaji. Nilipendekeza gari letu liende Rusizi, kule mpakani na Kongo, mara mbili kwa wiki badala ya mara moja. Watu sita mezani, wote wakaandika. Nikauliza kama kuna tatizo. Kimya, kisha "yego, ni sawa." Kwa sikio la Dar ningetafuta mjumbe. Kwa sikio la Nairobi tungekuwa tumeshakubaliana. Saa kumi na mbili jioni ikaingia barua pepe ya mhasibu, ya heshima tupu, na jedwali ndani yake: mafuta, posho ya dereva, barabara ya kupita msitu wa Nyungwe, muda wa dereva kupumzika, na safu ya mwisho ikionyesha kwamba gari moja halitoshi. Hakuna mahali alipoandika kwamba nimekosea. Jedwali lilisema lenyewe.

Tangu siku hiyo nilibadilisha utaratibu. Pendekezo lolote nalituma kwa maandishi siku mbili kabla ya kikao na kuomba maoni kwa maandishi. Kikao kikawa cha kuthibitisha. Mambo yalikwenda kwa kasi ambayo Dar sikuwahi kuifikia, nasema hilo bila kuisema vibaya Dar.

Rwanda nayo ina mizizi yake. Tangu 2006 mameya wa wilaya husaini mbele ya Rais mikataba ya malengo iitwayo imihigo, na mwisho wa mwaka hupimwa kwa kile walichosaini. Neno hilo ni la zamani, la kiapo cha kutimiza jambo kubwa, na desturi hiyo imeenea hadi kwenye ofisi za kawaida. Mfanyakazi wa Kigali akisaini lengo, analibeba. Upande wa pili wa sarafu, na hapa nilijifunza kwa hasara, ni kwamba usichokiandika usikitarajie. Robo ya kwanza timu yangu ilitimiza kila kilichokuwa kwenye karatasi, na wateja watatu wakubwa wakalalamika kuhusu jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi, la vifaa vibovu kurudishwa na kubadilishwa. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika malengo. Dar mtu angelibeba jambo lile kwa sababu mteja ni rafiki yake.

Lugha ya Kigali inataka uangalifu wa aina yake. Wote wana Kinyarwanda. Waliosoma kabla shule hazijahamia Kiingereza, mwaka 2008, mara nyingi hufikiri mambo magumu kwa Kifaransa. Vijana wana Kiingereza. Waliokulia Uganda, Tanzania au Kongo wana Kiswahili, ambacho tangu 2017 kimekuwa lugha rasmi pia. Mimi nilikosea kwa kuongea Kiswahili na wawili waliokijua vizuri, kwa sababu tu kilinipa raha. Wengine wanne wakaona kuna kikundi cha bosi. Chagua lugha moja ya kazi, wote waijue, na ile ya raha yako iache kwa jioni.

Saa

Hapa tofauti ni ya wazi na haihitaji falsafa. Dar na Nairobi zinafuata saa ile ile. Kigali iko nyuma kwa saa nzima. Tena tangu Januari 2023 siku ya kazi Rwanda huanza saa tatu asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni, ambayo kwa Nairobi ni saa nne hadi saa kumi na mbili. Makao makuu wakizoea kupiga simu saa mbili asubuhi, watakuwa wanamwamsha mtu. Mweleze mkubwa wako wa Nairobi hili wiki ya kwanza, kwa maandishi, ama utalipia wewe kwa usingizi wako.

Kikao cha saa tatu Kigali huanza saa tatu. Dar huanza watu wakishasalimiana, na ukikata salamu ili uokoe dakika kumi utazipoteza kwingine.

Nidhamu na kuachisha kazi

Meneja wa Kenya haji mtupu kwenye jambo hili, maana Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 nayo inamtaka amsikilize mfanyakazi kabla ya kumwachisha. Tanzania inaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na kanuni za 2007: lazima pawe na sababu halali na utaratibu wa haki, mtuhumiwa apewe si chini ya saa 48 kujiandaa, na aje na mwakilishi wa chama au mwenzake. Asiporidhika ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Nimekaa upande wa mwajiri mara mbili pale. Mara zote mbili kilichoulizwa kwanza ni hatua, tarehe na sahihi, kosa lenyewe likaja baadaye. Barua za onyo niliziandika kwa Kiswahili chepesi, ili mtu asije akasema hakuelewa.

Rwanda, mgogoro wa mtu mmoja huanzia kwa wawakilishi wa wafanyakazi, ukishindikana huenda kwa mkaguzi wa kazi wa wilaya, kisha mahakamani. Wawakilishi hao wachukulie kwa uzito kabla hujawahitaji. Kwa meneja mwenye kupenda utaratibu, njia ya Kigali ni rahisi kuifuata. Lakini onyo la mdomo mbele ya wenzake usijaribu popote kati ya miji hii miwili. Dar litakuwa limefika matawi yote kabla ya adhuhuri. Kigali halitasemwa tena kamwe, na halitasahaulika.

Likizo nayo ina tofauti inayogusa ratiba ya timu. Tanzania ni siku 28 mfululizo, zikihesabiwa na wikiendi ndani. Rwanda ni siku 18 za kazi, zikiongezeka moja kwa kila miaka mitatu hadi kufika 21.

Msiba, umuganda na Aprili

Dar, mfanyakazi akifiwa, bosi huenda mwenyewe. Rambirambi ya kampuni ikitumwa bila uso wako inapokelewa, lakini inahesabiwa. Nimekaa chini ya maturubai Temeke, Tandika na Kimara, nimekula pilau la msibani kwa mkono na watu ambao kesho yake walikuwa wanadaiwa ripoti na mimi, na ripoti zilikuja. Michango ya harusi ni mingi. Jiwekee kiwango kimoja kwa wote na usikibadilishe kwa kipenzi chako. Mwezi wa Ramadhani panga vikao vizito asubuhi, na Ijumaa adhuhuri acha wazi mwaka mzima.

Kigali, Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni umuganda, kazi ya pamoja mitaani. Usipange kuhesabu stoo asubuhi hiyo. Nenda, shika jembe na majirani zako. Sikuwahi kuzungumza sana na watu wa ofisini kuhusu umuganda, lakini mmoja wao aliishi mtaa wangu, na nadhani aliwaambia, maana baada ya Jumamosi ya pili salamu za Jumatatu zilibadilika.

Na kuna Aprili. Tarehe 7 yanaanza maombolezo ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kiongozi mgeni asipange sherehe, mafunzo ya kuchekesha wala uzinduzi wa bidhaa wiki hiyo. Asimuulize mtu kabila lake, wakati huo wala wakati mwingine wowote. Atakayeomba kuondoka mapema aruhusiwe bila kueleza sababu. Nilikuwa na mfanyakazi ambaye kila Aprili kazi yake ilishuka, nami mwaka wa kwanza nikataka kumhoji. Mkuu wa utumishi aliniambia sentensi moja tu: "Mwache, Mei atakuwa amerudi." Mei alirudi, na kazi yake ilikuwa bora kuliko yangu.

Kibali chako kinasema nini kwa wafanyakazi wako

Watu hulichukulia jambo hili kama la Uhamiaji, kumbe ni la uongozi. Kwa sheria ya Tanzania ya 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia, mwajiri anayekuleta anatakiwa awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania aishike nafasi yako. Ofisi nzima inalijua hilo. Ukimficha mrithi, kila agizo lako litasomwa kama la mtu anayelinda kiti chake. Mimi nilimtaja wangu mwezi wangu wa tatu kazini, nikampa kikao cha Ijumaa akiendeshe mwenyewe, na ndipo wazee wa stoo walipoanza kuniita "mkuu" bila kulazimishwa. Rwanda Mkenya halipii ada ya kibali cha kazi, na swali la mrithi halikukalii begani namna ile. Unapimwa kwa karatasi uliyosaini.

Basi nani aende wapi

Ukiwa mtu wa kuandika, unayependa malengo yenye namba, usiyeumizwa na kimya na usiyehitaji kupendwa ndipo ufanye kazi, nenda Kigali. Tawi likiwa jipya na makao makuu wanataka matokeo ndani ya miezi 12, Kigali tena, ilimradi wewe mwenyewe uandike malengo kwa makini kuliko ulivyozoea.

Ukiwa unaweza kukaa na mtu nusu saa bila kutaja kazi, na Kiswahili chako kinaweza kupunguzwa makali, nenda Dar. Tawi likiwa la zamani lenye wazee wanaojua kila mteja kwa jina, Dar ndiyo itakayokupa zaidi, kwa sababu ujuzi ule hauko kwenye kompyuta yoyote.

Na anayetoka nje ya nchi yake kwa mara ya kwanza, namshauri Dar, hata kama Kigali mshahara umezidi kidogo. Kule yupo mtu atakayerudisha mlango akuambie ulipokosea. Kigali unaweza kumaliza mwaka mzima ukidhani unafanya vizuri, mpaka utakapojifunza kusoma majedwali ya mhasibu.

Kabla ya kusaini omba jambo moja: ukae kwenye kikao chao cha Jumatatu kama msikilizaji. Wengi hukubaliwa. Ukiwa Dar, kikao kikiisha usiondoke. Baki mpaka chai ya saa nne. Ukiwa Kigali, waachie anwani yako ya barua pepe, na usikate tiketi ya ndege ya jioni hiyo.